Papa hanisemeshi juu ya Jean Valjean

Tangu siku ya Mungu Papa hanisemeshi, na kosa ni ya Jean Valjean, yule wa kitabu Les Misérables ya Victor Hugo. Hapana, nisiseme bongo, kosa ni yangu. Tulikuwa kwa meza, bugali na sambaza, yaya, mukubwa wangu, alikuwa amekuja na watoto wake, na Papa sawa kawaida yake akaanza kuwaambia wale watoto vile watu wa leo hawasome kitu, vile yeye kwa umri wao alishamaliza Les Misérables yote, volimu zote tatu, na taa ya petroli. Mi nikasema tu hivi, bila ata kuinua kichwa: "Papa, ile kitabu iko muzuri, lakini ina matundu sawa chandarua ya kale."

Akanawa mikono. Bugali ingali nusu kwa sahani. Wenye wanamujua Papa wanajua maana ya ile.

Sasa naandika huku, ju kule nyumbani sikupata nafasi ya kumaliza.

Kwa wenye hawamujue: Papa alifundishaka kifaransa kwa sekondari miaka mingi, na Les Misérables kwake iko karibu na biblia, siku zingine inapita biblia, mama njo anasemaka vile. Volimu zake ni za kale, ya pili haina tena ganda, zimejaa krayo pembeni kila mahali. Wakati tulikuwa wadogo kule Kadutu, hapa Bukavu, umeme ikikatika alikuwa anatusimulia kidogo kidogo, kwa kiswahili, Monsenyeri Myriel akawa sawa askofu wetu, Thénardier akawa sawa mwenye nganda fulani ya pale chini (sitamutaja, angali hai), na sisi tukaamini kabisa kama Montfermeil iko pahali upande wa Bagira.

Kwa hiyo musiniambie naichukia. Mwaka huu nimeisoma tena, kwa kifaransa, mwanzo mpaka mwisho bila kuruka (ile ya kuruka tulifanya wote kwa masomo, tusidanganyane), ikanichukua miezi tatu. Na nililia. Lakini kuna pahali nililia na hasira, nikafunga kitabu nikasema we Hugo, we mutu wa akili hivi, hii njo nini sasa?

Nikumbushe haraka kwa wenye walisahau. Kitabu ilitoka 1862. Hugo alikuwa ameanza kuiandika 1845, akaiacha 1848 wakati mapinduzi ilifika, akaishika tena 1860 akiwa uhamishoni kwa kisiwa ya Guernsey ju alikosana na Napoléon wa tatu, akaimaliza juni 1861 karibu na Waterloo, kule alikuwa ameenda kuangalia uwanja wa vita. Hadithi yenyewe munaijua: Jean Valjean anavunja kioo ya dirisha anaiba mkate ju ya watoto saba wa dada yake, anafanya miaka 19 kwa gereza ya Toulon, anatoka 1815, Monsenyeri Myriel anamugeuza roho na vinara viwili vya feza, anakuwa tajiri, anakuwa meya kwa jina ya Madeleine, polisi Javert anamufuata sawa kivuli, anamuchukua Cosette, mutoto wa mama masikini Fantine, kule kijiji ya Montfermeil kwa Thénardier mwenye nyumba ya wageni, anamulea, Cosette anampenda kijana Marius, barikade za 1832, mifereji ya uchafu chini ya Paris, ndoa, kifo.

Kile kila mutu anaanzaka nayo ni bahati. Kwa hii kitabu watu wanakutana sawa vile Paris iko chumba moja na mulango moja. Chukua tu ile nyumba Gorbeau. Valjean anajificha mule na Cosette akiwa mutoto. Miaka inapita, Marius anatoka kwa babu yake, anatafuta chumba ya bei ndogo, anaangukia wapi? Gorbeau. Majirani yake wa ukuta na ukuta wanajiita Jondrette, ata aliwalipia kodi siku moja kwa huruma, kumbe ni Thénardier na familia yake, wale wale walimutesa Cosette kule Montfermeil. Thénardier njo yule aliondolea baba ya Marius kati ya maiti kule Waterloo (alikuwa anaiba saa na pesa ya wafu, lakini baba alifikiri amemuokoa), na baba akamuachia Marius deni ya kumutafuta. Alafu siku moja muzee mwema anakuja kuleta nguo na msaada kwa Jondrette, anapanda ngazi ya nyumba yenye alishaishi mwenyewe, ni Valjean, na binti nyuma yake ni yule Marius alikuwa anamutazama miezi yote kwa bustani ya Luxembourg. Marius anaona kuna mtego, anakimbia polisi, na polisi mwenye anamupokea ni nani? Sitaki ata kujibu.

Na bado hatujafika kwa watoto! Gavroche, mutoto wa Thénardier mwenye anaishi njiani, anaokota watoto wawili wamepotea, anawalaza ndani ya ule tembo wa plasta wa pale Bastille (ule tembo ulikuwepo kweli, walikuja kuubomoa 1846), anawapa kula, anawafunika, na wale watoto ni wadogo zake wa damu, hajui, nao hawajui, mpaka kitabu inaisha hakuna mwenye anajua isipokuwa sisi wasomaji. Tena wale wadogo walikuwa wameazimishwa kwa mama mumoja aliyekuwa mtumishi kwa babu ya nani? Ya Marius. Nilicheka peke yangu usiku, mutoto akaamka.

Yaya alimutetea Papa pale pale kwa meza. "We unasema bahati, na we hapa Bukavu haukutanake na watu? Mwenye uko na deni yake unamukutaka wapi, si kila siku Nyawera?" Watoto wakacheka, na kweli nilicheka pia, ju ana sababu. Bukavu yetu ni vidole vitano ndani ya ziwa, ukitoka Ibanda kwenda Kadutu utapita paka ile njia yenye wote wanapita, motari wako wa asubuhi ni binamu ya mutu wa kazini, mama mwenye anakuuzia sombe alisoma na dada yako, ukijificha mutu wiki mbili ni muujiza. Lakini Paris ya 1832 ilikuwa na watu zaidi ya 700 000 na vichochoro hazihesabiki. Hapo njo nilimuambia yaya: Hugo ameandika Paris sawa mutu wa Bukavu. Na nilikuwa nataka kumusifu, si kumucheka, lakini Papa hakusikia vile.

Kwa sababu, na hii njo sikupata nafasi ya kuisema, bahati mi naisamehe. Kabisa. Sisi tumekua na hadithi za sungura, hakuna mwenye aliulizaka bibi kwa nini sungura anafika kwa kisima wakati ule ule chui anafika. Bahati haina mwenyewe, inaanguka tu, na mwandishi akiitupa mbele ya watu wake sawa mvua, naangalia vile wanatembea chini ya mvua. Na mara zingine Hugo anaitengeneza vizuri sana. Fauchelevent kwa mfano. Valjean anamuinua Fauchelevent chini ya mukokoteni kule Montreuil-sur-Mer, miaka kisha yake anamukimbia Javert usiku na mutoto mgongoni, anapanda ukuta asiojua, anaanguka ndani ya bustani ya masista wa Petit-Picpus, na mutu wa bustani ni Fauchelevent. Mi nilikuwa nimeshika hii sawa fimbo ya kumupiga nayo Papa. Papa akanyamaza kidogo, akasema: "Nani alimutafutia Fauchelevent kazi kwa masista?" Nikaenda kuangalia. Ni Madeleine mwenyewe! Ni Valjean, akiwa meya, njo alimuingiza kazi kule Paris, kupitia masista na padiri wake, imesemwa kwa mstari mumoja ku volimu ya kwanza, umeisoma umesahau. Kwa hiyo wema wake mwenyewe njo ulikuwa unamungojea nyuma ya ule ukuta. Papa alishinda hapo, nakubali, alishinda vibaya.

Na Javert kwa mulango wa mifereji, vile vile. Unasema hapana, hii imezidi, Valjean anatoka chini ya mji na Marius mgongoni, amejaa uchafu mpaka kwa ndevu, na Javert amesimama pale pale? Lakini soma vizuri: Javert alikuwa anamufuata Thénardier, Thénardier akaingia ndani ya mifereji, na alipomuona Valjean na maiti (anafikiri ni maiti) akamufungulia na ufunguo wake makusudi, ili polisi nje apate nyama ingine ya kutafuna. Ile si bahati, ile ni Thénardier anafanya vile Thénardier anafanyaka. Pale Hugo ni fundi.

Shida yangu iko pengine. Shida yangu ni pale mutu wa akili anageuka mjinga kwa muda, ju mwandishi ana picha nzuri anataka kutuonyesha na hajui njia ya kutufikisha.

Tuende Montfermeil. Fantine anakufa mwaka 1823, Valjean alimuahidi atamuletea mutoto, ana ata barua yenye Fantine aliweka saini ya kumuchukua. Javert anamukamata, Valjean anavunja nondo ya gereza usiku ule ule, anakimbilia Paris. Ana siku tatu nne za uhuru. Anafanya nini? Anaenda kwa banki ya Laffitte, anatoa zaidi ya franga 600 000 kwa noti. Kwanza, mi kutoa dola mia mbili zangu mwenyewe kwa simu, yule kijana wa kibanda anataka karte ya elekta, anaangalia picha, ananiangalia, anaangalia picha tena. Huyu anatafutwa na polisi ya nchi nzima, na banki inamuhesabia noti inamuambia kwa heri bwana. Sawa, tuache, labda wakati ule habari zilikuwa zinatembea kwa miguu. Lakini angalia kile kinafuata: ile pesa anaenda kuizika ndani ya msitu. Msitu gani? Msitu wa Montfermeil!

Cosette iko Montfermeil. Ana miaka kama nane, analala chini ya ngazi, anafagia nje na fagio inamupita urefu. Valjean iko ndani ya msitu wa kijiji ile ile, na sururu na sanduku, anachimba shimo. Ana barua ya mama, ana pesa ya kununua Montfermeil yote na watu wake. Na anamaliza kuzika, anarudi Paris, na wanamukamata kule Paris akiwa anapanda gari ya farasi ya kwenda wapi? Montfermeil! Anarudishwa Toulon, inabidi aanguke toka kwa meli ndani ya bahari wafikiri amekufa, ndipo anakuja kumuchukua mutoto usiku wa noeli.

Papa alikuwa ameshanawa mikono lakini hii aliijibu, kwa mulango. "Alitaka kwanza kuficha pesa. Mutu anakimbizwa hawezi kutembea na mutoto." Ndiyo Papa, lakini mutu anakimbizwa hawezi kutembea na sanduku pia. Pesa kwanza, mutoto nyuma, Jean Valjean huyu huyu mwenye alienda kujitaja mbele ya tribinali Arras ili muzee asiyemujua asifungwe kwa jina yake? Haiingii. Roho ya huyu mutu haifanyi vile. Ni Hugo njo anafanya, ju Hugo anataka noeli.

Na mi najua kwa nini anataka. Ile picha ya ndoo. Cosette ametumwa usiku kuchota maji ndani ya msitu, peke yake, ndoo inamushinda, anatembea hatua tano anapumzika, anahesabu kwa sauti ili asiogope, alafu kwa giza mukono mukubwa unashika ndoo, na ndoo inakuwa nyepesi. Mwenye alichotaka maji usiku kule Kadutu, na bidoni ya lita ishirini, zile ngazi za udongo zenye mvua ilishakula nusu, ile picha haimutoki. Mi nilikuwa na miaka tisa, kumi, na bila kudanganya kila mara Papa aliisimulia nilikuwa naangalia mukono wangu. Kwa hiyo Hugo, umenipata, umenilipa. Lakini hesabu ingali mbaya. Ungemutia Valjean ugonjwa, ungemuvunja muguu, ungezika pesa msitu mwingine. Misitu Ufaransa haikukosekana.

Sijafika kwa mambo ya urefu, na sitakaa sana hapo. Watu wanalalamika Waterloo, sura 19 za vita, ili mwishoni tuone paka mwizi mumoja anaibia koloneli mumoja. Papa anaipenda Waterloo kupita kitu yote, krayo yake imejaa kila ukurasa, najua nikiigusa sitakula tena kwa ile nyumba, kwa hiyo Waterloo naiacha. Masista, niliboeka. Lugha ya wezi, niliboeka nusu. Mifereji sasa, ajabu, niliipenda: Valjean anashuka chini ya mji na Marius anavuja damu, roho iko juu juu, na Hugo anasema ngoja kidogo, alafu anatoa sura sita juu ya mavi. Kweli kabisa. Paris inatupa milioni 25 za franga kila mwaka ndani ya maji, ju haijui kutumia uchafu wake kulisha mashamba. Nilimusomea mama, mama mwenye analima kidogo upande wa Panzi, akasema huyu mutu ana akili, alikuwa wa serikali? Kwa hiyo si sura zenyewe mbaya, ni saa yake. Mutu anavuja damu, Hugo! Ungetufundisha mbolea jana yake.

Javert nilifikiri nitamukuta mwepesi, sawa polisi wa filme, lakini hapana, Javert anasimama. Ata kifo chake. Mutu mwenye usiku wa kufa anaingia kwa posti ya polisi, anaomba karatasi, anaandika mapendekezo kumi ya kuboresha kazi na magereza, anaweka saini, saa, tarehe, alafu anaenda kujitupa ndani ya Seine. Yule namuamini.

Kwenye siamini ni mwisho, na ule mwisho njo kila mutu anauliliaka.

Marius na Cosette wanaoana februari 1833. Kesho yake Valjean anakuja kumuambia Marius: mi nilikuwa mufungwa wa Toulon, mi si baba ya Cosette, mi si kitu. Vizuri, ni heshima. Lakini anasema paka mabaya. Hasemi njo mi nilikubeba chini ya Paris. Hasemi Madeleine ni mi, ile pesa ya Cosette nimeitolea jasho. Kwa hiyo Marius anabaki anafikiri: ile franga 584 000 Valjean ameiba, na Javert ni Valjean njo alimuua kwa barikade. Na tukumbuke, mbele ya ndoa Marius alishasema mbele ya Valjean kama angetoa zile pesa zote za Cosette, angekuwa mwenyewe wake, ili apate tu yule mutu alimuokoa. Valjean amekaa kwa kiti pale pale! Anasikia! Ananyamaza.

Alafu inakuja kile sisi huku tunashindwa kusoma bila kusimama. Baba mwenye alimulea anaanza kupokelewa chini, ndani ya chumba ya chini yenye unyevu. Anaitwa "monsieur Jean". Siku moja moto haujawashwa. Siku ingine viti viwili vimesogezwa karibu na mulango. Siku ingine viti hakuna. Na Cosette anaona, anacheka kidogo, anauliza kidogo, anarudi juu kwa bwana yake. Niulize wasomaji wangu wa Bukavu: binti gani? Muzee alimutolea doti kwa upande usiokuwa wake, anakuja kusalimia, anakosa kiti, na hakuna shangazi, hakuna jirani, hakuna ata mutu wa jikoni mwenye anapiga makelele? Kwetu ile siku ya viti familia ingeitwa jioni ile ile, Marius angeketishwa katikati, angeulizwa moja kwa moja, na kitabu ingeisha na kurasa 60 chini. Cosette huyu ndani ya kitabu yote karibu hakuulizaka swali ya maana. Baba, tunatoka wapi? Baba, kwa nini tunahamaka usiku? Jina ya mama yake aliuliza, muzee akanyamaza, ikaisha pale. Hugo amemupa macho mazuri na kanzu nzuri, sauti alisahau.

Na nani anakuja kufungua fundo? Thénardier. Anakuja kumuuzia Marius siri ili amuchafue Valjean, ana vipande vya gazeti na kipande ya koti, na bila kutaka anamusafisha: Javert alijiua mwenyewe, Madeleine ni Valjean, na "maiti" ya mifereji ilikuwa Marius. Ni nzuri, sikatae, adui anakuja na sumu inageuka dawa. Lakini angalia bei yake: ili Thénardier apate kuingia na ile bahasha, watu watatu wenye wanapendana inabidi wanyamaze miezi, ndani ya mji moja, na Valjean aache kula mpaka afe. Dada yangu mudogo anasomea kazi ya kuuguza, nilimuuliza Valjean anakufa na nini, akafikiri, akasema: "Anakufa na Victor Hugo."

Kuna kitu pale pale, na hii sikuisema kwa meza, ju watoto walikuwepo. Marius anamupa Thénardier pesa, franga 20 000, ili aende Amerika apotee kabisa. Na Hugo anatuambia kwa mstari mumoja kama na ile pesa Thénardier alifanya kazi ya kuuza watumwa. Mstari mumoja! Alafu gari ya farasi inakimbia kwa Valjean, tulie. Mutu alitupa sura sita juu ya mavi, sura 19 juu ya Waterloo, na watu wetu wanauzwa na pesa ya shujaa, nukta, tuendelee. Nilienda kuangalia pembeni ya ukurasa ule kwa volimu ya Papa. Waterloo krayo kila pahali. Pale, hakuna alama.

Kwa meza Papa alikuwa ameniuliza pia we ni nani wa kumusahihisha Hugo. Mi si mutu, ni kweli, lakini Baudelaire alikuwa mutu, na Baudelaire alimusifu kwa gazeti alafu akaandikia mama yake barua akasema kitabu ni mbaya sana, na Flaubert naye kwa barua alisema hapati mule ukweli wala ukubwa. Mi sifike ata huko. Mi nasema tu Jean Valjean alistahili mwandishi wa kumuachia akili yake mpaka mwisho.

Basi. Nilikuwa nimeandika mpaka hapo jana usiku. Leo asubuhi nimekuta volimu ya tatu juu ya kiti yangu, na kijikaratasi ndani. Hajanisemesha, amepita tu na redio yake sikioni akaenda kukaa nje. Kijikaratasi iko kwa ule ukurasa wa kitanda ya kifo, pale Marius anamuuliza Valjean kwa nini haukusema, na Valjean anajibu kama alifikiri sawa Marius, kama alipaswa kuenda, na kama wangejua mambo ya mifereji wangemulazimisha abaki nao, njo maana alinyamaza. Papa amepiga mstari mbili chini yake, mpya, krayo ingali inang'aa.

Nimeisoma mara tatu nikiwa nimesimama. Iko na nguvu, siwezi kusema haina. Nimechukua kile kijikaratasi nikaandika chini yake: "Na Montfermeil?" Nikarudisha volimu kwa kiti yake, nje, yeye akiwa ameenda kunawa. Sasa namusikia, ameshusha sauti ya redio.